Sarafu Ubavuni mwa Nyirabukwe

Nyabugogo, Kigali
Mwishoni mwa Novemba, 1994

Kwako Baba mpendwa, Mzee Bayingana, huko Muyenzi, Ngara.

Shikamoo Baba. Kabla hujakaa vizuri kwenye kiti chako, jua kwamba salamu hizi zinatoka kwa kijana ambaye majeshi matatu yamesalimu amri mbele yake, na mkononi hakuwa na silaha yoyote ila spana namba kumi na saba na msumeno wa chuma. Majemadari wanapigana miaka minne, wanachoka, wanakwenda zao. Mimi Mugenzi nachukua magari yao nayageuza ya kubebea viazi. Kaliza, dada yangu, wewe unayemsomea, usicheke na usiruke mstari. Nakujua.

Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa kichwa kimekua kidogo kwa sababu ya sifa ninazopewa. Hofu yangu ni kwenu. Miguu yako inaendeleaje, Baba? Bado unaisugua kwa mafuta ya ng'ombe, au umekubali ile dawa ya zahanati? Na Kaliza ameolewa, au bado anawachagua kama anayechagua maharage? Nasikia Ngara sasa ina watu wengi kuliko migomba. Mungu awatangulie wote.

Ndani ya bahasha mna kitu kidogo kimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Kaliza, mpe Baba akishike, lakini asifungue fundo mpaka nitakaposema. Akibisha, kikalie.

Sasa habari za kazi. Ninayo gereji kubwa hapa chini ya Nyabugogo, ila mwenyewe bado hajajua kwamba ni yangu. Anaitwa Aimable, mtu aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, mfupi, mpana, Mkatoliki wa kuamka na rozari, na Kiswahili chake kinakwenda kama gari lisilo na gia ya tatu. Siku ya kwanza aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamjibu kwamba nimesoma mpaka shule ikachoka na mimi. Akasema kwake vyeti haviko na kazi, iko mikono tu, halafu akanisukumia kabureta lililokuwa limewashinda mafundi wake wawili. Baba, nililiamsha kabla chai yake haijapoa. Tangu hapo ananiita Petit, yaani mdogo, na mimi namwita Patron, yaani bosi, na kila mmoja anadhani ndiye anayemdanganya mwenzake.

Kazi yetu ni kuyavua magari uaskari. Linaletwa lori la jeshi la huku, au la kule, au la wale wa kofia za buluu, limechakaa na limeuzwa kwa bei ya chuma. Tunang'oa mabenchi ya askari, tunakata vishikizo vya bunduki, tunaunda bodi ya mbao za mkaratusi, tunapaka rangi ambayo tajiri anaitaka. Lori lililokuwa likitisha barabara nzima linatoka kwetu jekundu, limeandikwa IMANA NI NKURU, Mungu ni mkuu, kwenye paji la uso, na asubuhi yake linabishana na wapakizi wa kabichi stendi.

Lakini Aimable ana desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla gari halijaguswa na brashi, lazima likwanguliwe kwa wembe nyuma ya mlango, mahali pa ukubwa wa kiganja, rangi moja baada ya nyingine, mpaka chuma cheupe kionekane. Halafu tunachuchumaa wote tunalisoma. Hapa lilikuwa la kijani, hapa kabla ya kijani lilikuwa la kampuni ya barabara, hapa liliungua. Na hicho kiganja hatukipaki rangi kamwe. Tunakipaka mafuta tu, kikae wazi. Tajiri mmoja wa kutoka Kampala alikasirika, akasema gari lake jipya lina kidonda. Aimable akamjibu kwamba gari ni kama mchumba, mtu anayekuficha ukoo wake ana sababu, na akaongeza polepole kwamba mwaka huu hapa watu wamefuta mambo mengi mno, yeye hatafuta na magari. Tajiri akalipa, akaondoka na kidonda chake.

Sasa Baba, wewe unaujua ubishi wako. Miaka yote tukiwa Muyenzi, watu wakikuuliza utarudi lini Rwanda, ulikuwa unajibu kwamba utarudi siku lile gari lililokuleta litakapokuja kukuchukua. Watu wanacheka, unamiminiwa pombe nyingine. Mwaka huu majirani wote wamefunga mizigo, ng'ombe wamevuka daraja la Rusumo, na wewe ukabaki na jibu lilelile, ila safari hii hukuwa unacheka. Mama angekuwa hai angekuvuta shati. Mimi sikukuvuta. Nilijisemea moyoni kwamba kama mzee anataka gari, basi apewe gari.

Na gari lenyewe nalijua kuliko ninavyoijua katekisimu. Bedford ya jeshi la Waingereza, iliyonunuliwa na yule Mgiriki wako kwenye mnada Nairobi baada ya vita vya Hitla, akaipaka buluu ili abebee kahawa. Wewe ukiwa utingo wake, ukaipa jina Nyirabukwe, mama mkwe, kwa sababu ilikuwa haitaki kusemeshwa kwa sauti kubwa na ukiikaribia lazima uiname. Nyirabukwe aliyewabeba mkiikimbia nchi usiku ule mwaka sitini na moja, na majirani wamelala juu ya magunia, mpaka mtoni. Na kabla ya hapo, siku ile karibu na Rwamagana, alipotoboka ubavuni mwa injini na maji yakamwagika yote, ukachukua sarafu ya Wabelgiji yenye picha ya tembo, ukaipiga tupa, ukaigonga kwenye tundu, ukaipaka ulimbo, na akafika Kigali. Ile hadithi ya sarafu umetusimulia mpaka Kaliza akawa anaimalizia.

Nikaanza kuulizia. Hapa Nyabugogo kuna wapakizi wazee ambao mgongo wao unakumbuka kila lori lililowahi kupita. Mmoja wao, aliyekuwa amekalia gunia lake la vitunguu kama askofu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nina wazimu wa kawaida au wa kusomea. Nikamwambia wa kurithi. Akacheka, ndipo akakumbuka: Bedford ya buluu ya Mgiriki iliuzwa kwa wamisionari, wao wakaipaka nyeupe wakawa wanabebea matofali ya makanisa, ilipochoka kanisa likaiuza kwa mtu mmoja wa mtaa wa Biryogo. Zaidi ya hapo hajui, ila anajua haikutoka tena barabarani.

Biryogo unaikumbuka, Baba? Bado vichochoro vilevile, huwezi kuingiza hata mkokoteni, misikiti, cherehani zinalia kila kizingiti, na mishikaki inayomfanya Mkristo asahau njia ya kurudi. Niliuliza kwa mafundi nguo wote. Walinituma huku, wakanituma kule, mmoja akanipima suruali wakati nikiuliza. Mwishowe nikasikia mashine ya kusaga inanguruma nyuma ya nyumba. Baba, ulikuwa ukituigizia sauti ile kwa mdomo, kile kikohozi cha katikati, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Nikasimama. Nywele za mikono zikasimama nami.

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa ni bamba la nyuma la bodi ya lori, limetiwa bawaba. Mwenyewe ni mama mmoja anaitwa Mukasine. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa nikwangue mlango wake. Akanitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani, lakini akaniruhusu. Nikatoa wembe. Juu nyeupe ya misheni. Chini yake buluu ya Mgiriki. Chini yake kijani. Na chini kabisa, Baba, ambayo hata wewe hukuwahi kuijua, rangi ya mchanga. Nilipomweleza Aimable jioni ile, alivua kofia. Akasema hiyo ni rangi ya jangwani, Misri na Libya huko. Nyirabukwe wako alipigana na Wajerumani kwenye mchanga kabla hajaja kubeba kahawa. Ulibebwa na shujaa wa vita, ukawa unamtukana kila akikwama kwenye tope.

Mama Mukasine alinieleza mengine. Mumewe ndiye aliyeinunua kwa wamisionari. Magurudumu yalikuwa yamekwisha, akaipeleka vipandevipande kwa mabega ya watu hadi nyuma ya nyumba, akaifunga injini kwenye sakafu ya saruji, akaitilia mkanda wa kuzungushia jiwe la kusagia, na pipa la maji la kuipoza. Akaifundisha kuwaka kwa petroli na kuendelea kwa mafuta ya taa. Mtaa mzima ulikula ugali kwa injini hiyo. Mume hayupo sasa, wala watoto. Hilo sikumuuliza; hapa hatuulizani. Alisema tu kwamba kila asubuhi anaiwasha hata kama hakuna mteja, kwa sababu nyumba ikiwa na kelele mtu anaweza kuamka.

Akaniinamisha ubavuni mwa injini, akafuta vumbi la unga kwa kanga yake. Tembo alikuwepo. Mweusi, amezungukwa na kutu na chokaa ya maji, mkonga juu. Nilimgusa kwa kidole, Baba. Mikono yako ilikuwa hapo nikiwa bado sijaanza hata kuwa wazo.

Nikafanya ninachokifanya vizuri kuliko wote: nikaongea. Nikamweleza habari zako, kiti chako, jibu lako. Nikamwambia nyuma ya gereji yetu kuna Bedford nyingine ya umri uleule, ya jeshi, haina injini, kuku wa Aimable wanataga ndani ya kabini. Nikamwomba aniazime injini mpaka Noeli tu. Tuitie kwenye lile gari, nije Ngara nikuchukue, nikulete nyumbani, halafu nimrudishie kwa mikono yangu na nimsagie bure hadi Pasaka. Nilitegemea anifukuze. Alimfuta tembo tena kwa kanga. Kisha akasema kwamba mwaka huu ameona magari mengi yakiwachukua watu, bado hajaona hata moja likimrudisha mtu. Akasema nichukue.

Wanawake wa mtaa walisaga akiba yao kwanza. Wapakizi walinisaidia kuibeba injini kwa magogo, kichochoro baada ya kichochoro, huku wakiniimbia nyimbo za arusi, eti namchukua mama mkwe. Aimable aliwafukuza kuku yeye mwenyewe. Tulifanya kazi kama vichaa. Alipofika kwenye ile sarafu alinisimamisha, akaninyooshea kidole, akasema, Petit, hapa usiguse, hapa iko na mkono ya baba yako. Nikamwapia.

Na aliwaka, Baba! Aliwaka kwa mshindo wa tatu, akakohoa kile kikohozi chake, na Aimable akafanya ishara ya msalaba huku anacheka. Tukamkwangua kiganja nyuma ya mlango, tukampaka buluu kama enzi zako. Asubuhi moja nikamtoa mwenyewe. Nilipita stendi ya Nyabugogo nikipiga honi kama balozi, yule mzee wa vitunguu akasimama juu ya gunia akapiga saluti, na nikaanza kupanda mlima kwenda mjini, nimpeleke Biryogo ili Mama Mukasine amwone. Nilikuwa nimetoa mkono mmoja nje nawapungia watu. Sikuutazama mshale wa joto hata mara moja.

Katikati ya mlima alizima. Mvuke ukatoka kama jikoni kwa shetani. Injini imekwama, na mwili wake wa chuma umepata ufa.

Tulimvuta kwa kamba. Niliwaambia wote kwamba ni uzee. Nilimwambia Aimable ni uzee, injini ya vita vya Hitla utaitegemea nini. Nilikwenda Biryogo nikamwambia Mama Mukasine ni uzee. Baba, yule mama alinishika bega akanifariji mimi. Akasema nisilie kwa ajili ya kitu kikuukuu, kila kitu kina mwisho wake, akaenda kunichemshia uji. Ule uji ulikuwa wa unga wa jirani, alikuwa amekwenda kuazima. Kinu chake kiko kimya, wanawake wanapita mlangoni kwake na mafurushi kichwani wakienda kusaga kwingine, na asubuhi nyumba yake haina kelele. Nikaunywa.

Haya. Fungua fundo sasa.

Ndiye yeye, Baba. Ni yule tembo wako.

Nilimng'oa mimi. Siku moja kabla ya kumtoa barabarani, Aimable akiwa misani. Nilijua hutaniamini. Nilijua Kaliza atasoma barua yangu na wewe utasema Mugenzi ameanza tena, kijana aliyedai kumvua mamba Kagera, na utabaki kwenye kiti chako. Nilitaka mara moja katika maisha yangu niseme jambo na nikuwekee ushahidi mkononi. Nikachukua patasi. Mahali pake nikagonga kizibo kipya cha dukani, cha duara, kinachong'aa. Lakini tundu si duara, wewe unajua, ndiyo maana uliipiga tupa. Nililiona. Niliona kizibo kinacheza kidogo, nikakigonga kwa nguvu zaidi, nikajiambia mimi ni Mugenzi. Kilikaa vizuri gari likiwa limesimama. Mlimani kikaruka, maji yakaisha, na mimi nikawa napungia watu.

Aimable alikuwa akijua. Alikiokota kile kizibo barabarani, akakiweka juu ya benchi langu la kazi, na tangu siku hiyo haniiti Petit, ananiita kwa jina langu. Bora angenipiga.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mama Mukasine nikamwambia yote, nikaitoa sarafu mfukoni. Hakupiga kelele. Aliigeuza, akaitazama pande zote mbili, akaniuliza swali moja tu: aliyeiweka mara ya kwanza, bado yu hai, na macho yake yanaona? Nikasema yanaona, miguu ndiyo inasumbua. Akasema miguu si ya kazi hiyo. Akachana kipande cha kitenge chake, akaifunga mwenyewe. Fundo ulilofungua sasa hivi ni lake.

Aimable anasema ufa anaweza kuuziba, amewahi kufanya hivyo Bujumbura, lakini tundu limeharibiwa kwa patasi yangu na hajui uliikalisha vipi ile sarafu. Hakuna anayejua hapa. Wewe ndiye unajua, na sarafu iko kwako, na bila hiyo kinu hakisagi. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Kigali na chumvi. Mbele pana nafasi moja, nimemwomba akuwekee.

Na jambo jingine, nisamehe kwa kulisema. Nilifika kilimani kwetu, karibu na Kabarondo. Nyumba haipo, na wengi uliokuwa ukiwataja hawapo. Najua ndicho unachokiogopa, hukuwahi kuwa unangoja gari. Lakini yuko bibi mmoja kwenye njia ya kisima, aliyesikia jina lako akaniuliza kama bado unapiga mluzi ukitembea. Nikamwambia ndiyo. Usinifanye mwongo tena.

Kaliza, mfungie Baba koti lile zito, Kigali asubuhi kuna baridi. Wasalimu wote waliobaki, na kaburi la Mama ulifagie kabla Baba hajaondoka.

Ni mimi mwanao,

Mugenzi, ambaye hajashinda jeshi lolote. Nyirabukwe hakufa kwa uzee, Baba. Alikuwa mzima mpaka nilipotaka kukuonyesha.